Mgomba Wangu ni Upi?

Shangazi alishushwa na basi kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, pale Kikatiti, akiwa na mabegi mawili, jiko la mchina na redio. Nilikuwa darasa la tano. Baba alinituma nikambebee jiko. Usiku mama akanieleza kwamba shangazi atalala chumbani kwangu, miezi mitatu tu, mpaka mambo yakae sawa. Nilipoondoka kwenda chuo, kitanda kilikuwa bado chake na godoro la chini lilikuwa bado langu.

Alikotoka ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Zilikuwa nyumba za manispaa, naye alikaa pale tangu alipoolewa. Mumewe alifia humo. Kisha ikaamuliwa kota zivunjwe na eneo lijengwe upya. Kaya 644 ziliondoka. Nyumba zikavunjwa, na miaka ikapita pakiwa uwanja mtupu.

Majirani wa Kikatiti walimpokea kama mtu aliyerudi. "Karibu nyumbani, dada," walimwambia, wakimletea ndizi na maziwa mgando. Wazee waliona jambo ni jepesi: mjini ni pa kutafutia, nyumba ya serikali ni ya serikali, ikivunjwa unarudi kwenye migomba ya baba yako.

Jioni moja tukichambua mboga akaniuliza, "Mwanangu, kwenye kihamba hiki, mgomba wangu ni upi?"

Nilicheka, nikidhani ni kitendawili. Kumbe alikuwa anauliza kweli. Kihamba walipewa baba na wadogo zake wa kiume. Yeye ni binti, na binti huolewa. Alikuwa amerudi nyumbani ambako hakuwa na hata hatua moja ya ardhi, akitoka kwenye nyumba ambayo haikuwa yake lakini funguo alizishika yeye. Funguo hizo alizihifadhi kwenye kopo la kahawa, pamoja na stakabadhi za kodi. Mlango wenyewe haukuwapo tena.

Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi kwamba zile kaya 644 zitajengewa nyumba na kukaa bure kwa miaka mitano. Shangazi alisikia kwenye redio yake, akaongeza sauti mpaka majirani wakaja. Kila mtu alikuwa na lake. Mwenye duka alisema ahadi ni kama mawingu ya Meru, yanajaa kila asubuhi na mvua hainyeshi. Mzee wa jirani akauliza, "Ghorofani utapanda nini? Na ukifa, utazikwa wapi?" Mama mmoja wa kikoba chao akamjibu kabla shangazi hajafungua mdomo: "Nenda, dada. Chumba chenye ufunguo wako kinazidi shamba lenye mlango wa kaka."

Baba alikuwapo. Alitazama chini, hakusema neno. Mama alikwenda kuangalia loshoro jikoni, ingawa ilikuwa imeshaiva.

Na mimi nilifurahi. Naomba niseme ukweli: sikufurahi kwa ajili yake. Nilifikiria kitanda.

Nyumba zilizinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Shangazi alirudi Magomeni na yale mabegi mawili. Jiko la mchina alimwachia mama.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji hukohuko Dar es Salaam, na Jumamosi nyingine nakwenda kula kwake. Siku moja nilimjaribishia dodoso langu la utafiti. Swali la kwanza: umeridhika kiasi gani na makazi mapya, toka 1 hadi 5?

"Choo, andika tano," alisema. "Maji, andika nne. Majirani..." Akanyamaza. Akaanza kuhesabu milango ya zamani kwa vidole: huyu alikufa akisubiri, amekuja mwanawe, yule yuko ghorofa ya juu na magoti hayamruhusu kushuka. Zamani walikuwa wanaitana kwa kugonga sufuria. Sasa wanapigiana simu wakiwa jengo moja.

"Na miaka mitano ya bure ikiisha?"

"Watasema tununue kidogo kidogo. Nina miaka sitini na tisa, mwanangu. Kidogo kidogo mpaka lini?"

Kwenye dodoso langu hapakuwa na nafasi ya jibu hilo. Katika madarasa yetu tunazungumza sana kuhusu ushirikishwaji wa wananchi, lakini swali letu huanzia siku nyumba inapokamilika. Miaka kumi ya godoro la sakafuni kwa mpwa wake haimo katika safu yoyote. Nami pia sikumuuliza, kwa sababu najua nani alikuwa ananuna kwenye godoro lile.

Krismasi iliyopita nilirudi Kikatiti. Mzee wa jirani aliniuliza, "Shangazi yako anapanda nini huko juu?"

"Mchicha, babu. Kwenye ndoo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, taratibu, akiangalia upande wa migomba yetu: "Mwambie pa kuzikwa papo. Hapo hakuna atakayemnyima."

Nimerudi Dar es Salaam, nimekula kwake mara tatu tangu hapo. Ujumbe bado sijaufikisha.