Neema, Badilisha Tiketi Hiyo

Nansio, Ukerewe
14 Septemba

Mpwa wangu Neema,

Hapa nyumbani tu wazima. Miguu ya bibi yako imepata nafuu, na mihogo ya Kagunguli tumeshaivuna. Mengine mama yako atakueleza.

Kilichonishikisha kalamu ni habari aliyokuja nayo kaka yako Jumapili. Anasema umekata tiketi mbili za kampuni mbili zisizohusiana. Ile ya bei nafuu inakutoa Mwanza saa moja na nusu usiku, na nyingine inaondoka Dar es Salaam kwenda Istanbul saa kumi alfajiri, usiku huohuo. Nilimuuliza mara mbili, nikidhani nimesikia vibaya. Ameniambia umepiga hesabu, ukaona unabaki na saa saba pale Dar, na saa saba ni nyingi.

Neema, hizo si saa zako. Nimefanya kazi uwanja wa ndege wa Mwanza mpaka nikastaafu. Katika ukoo huu hakuna aliyezijua ndege kabla yangu. Mama yako anajua hivyo, na hata ndugu zetu wa Ukonga, kule Dar, wanajua, ingawa hawapendi kulitamka.

Usidhani nachukia ndege za bei nafuu. Novemba 2012, Fastjet walipoanza kuruka kutoka Dar kuja kwetu na kwenda Kilimanjaro, niliwaona kina mama wauza dagaa wa Kirumba wakipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kabla ya hapo waliokuwa wakipanda ni mabosi na wagonjwa mahututi. Mtu wa kawaida alipanda basi, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, akafika Dar miguu imevimba. Kwa hiyo nauli hiyo ni neema, na wewe una haki ya kuifurahia. Ninachokuomba ni uelewe imeshukaje.

Kampuni za namna hiyo zina ndege chache, na kila ndege inapangiwa ruti kutwa nzima kama daladala ya Kisesa. Alfajiri inakuja Mwanza, inarudi Dar, inakwenda Kilimanjaro, inarudi, inakwenda Mbeya, na jioni inakuja Mwanza tena. Kati ya kutua na kuruka inapewa kama nusu saa, kwa kuwa ndege iliyosimama haiingizi fedha. Hapo ndipo nauli inapopata kupungua. Lakini asubuhi ikichelewa dakika 40, ucheleweshaji huo unahamia ruti inayofuata, unaongezeka njiani, na mwisho wake unamwangukia abiria wa jioni.

Halafu abiria wa asubuhi akichelewa ana mchana mzima mbele yake, wakati wa jioni hana kitu mpaka kukuche. Marubani wana saa za kazi zilizowekwa kwa sheria, na zikiisha hawaruki hata abiria wakilia. Wewe unasafiri Oktoba, vuli ikiwa imeanza, na radi za ziwani unazijua tangu utoto. Radi ikisimama juu ya uwanja, rubani anasubiri, na anafanya vyema kusubiri.

Nikusimulie kisa cha kijana mmoja wa Magu, kilichotokea nikiwa bado kazini. Kampuni siitaji, maana haikufanya la ajabu. Kijana huyo alikuwa fundi wa kuchomelea, amepata mkataba wa kazi Ghuba. Baba yake aliuza ng'ombe wa kutosha kumkatia tiketi ya kutoka Dar. Kipande cha Mwanza hadi Dar wakatafuta cha bei ya chini, wakapata ndege ya mwisho ya jioni, kama wewe. Nao walikuwa wamepiga hesabu, wakaona saa zinatosha.

Kumbe asubuhi ya siku hiyo ndege ilikuwa imepata hitilafu ya tairi huko ilikokuwa. Ikatengenezwa, ikaendelea na ruti zake, kila ruti ikiwa nyuma ya saa yake. Kwetu lilitoka tangazo la kwanza kwamba itaruka saa tatu. Watu wakanunua chai. Tangazo la pili likasema saa tano, na ukumbi ukaanza kupiga kelele. Wakamzunguka binti wa kaunta, wakamtukana matusi ambayo mwanamke hapaswi kutukanwa, naye hakuwa na ndege mfukoni. Kijana wa Magu hakutukana mtu. Alikuwa amesimama na baba yake karibu na mizani ya mizigo, anatazama simu, anatazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu wakatangaza kwamba marubani saa zao zimekwisha, safari ni kesho asubuhi.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa yule binti, nikamwomba amsaidie. Alimweleza kweli tupu: sisi tumekuuzia Mwanza hadi Dar, na Dar utafika. Ile tiketi yako nyingine hatuijui, wala wenzetu hawajui kwamba uko hapa. Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi akarushwa. Alipofika Dar, kampuni ya pili ilikuwa imeshamwandika kama abiria ambaye hakutokea, na kwa kanuni zao asiyetokea safari ya kwenda, na ya kurudi inafutwa pamoja nayo. Tiketi mpya ya kununua siku hiyohiyo ilizidi bei ya wale ng'ombe. Kabla hajapata fedha nyingine, mwajiri akaichukua nafasi akampa mtu mwingine. Alirudi Magu kwa basi.

Baba yake alikuja uwanjani baada ya wiki, amevaa koti lake la kanisani, akaniuliza: "Sasa nimdai nani?" Nilizunguka naye ofisi zote. Hatukumpata wa kumdai. Kila aliyemuuzia kitu alikuwa amempa, au alikuwa tayari kumpa, kilekile alichomuuzia. Kile kilichopotea kilikuwa katikati ya tiketi mbili, na pale katikati hapakuwa na mwenyewe.

Wewe hapo katikati umeweka viza yako, nafasi yako ya chuo na jasho la mama yako. Zingekuwa safari mbili ndani ya tiketi moja, ukichelewa wangelazimika wao kukutafutia ndege inayofuata, na begi lako wangelipeleka wenyewe. Kwa tiketi mbili, begi utalisubiri mwenyewe jengo la pili, ulikokote hadi jengo la tatu, lile lililofunguliwa Agosti 2019 kwa safari za nje, na ufike kaunta yao haijafungwa. Wanafunga kama saa moja kabla ya kuruka. Toa hiyo, toa foleni ya uhamiaji, halafu nionyeshe zile saa saba ziko wapi.

Sasa niseme lile ambalo kaka yako hakulisema, ila nimelisikia ndani ya maneno yake. Hukukosa nauli ya kusafiri siku moja kabla. Unakimbia kulala Ukonga kwa mama yako mkubwa, kwa sababu ya maneno aliyokusema kwenye send-ofu ya dada yako. Neema, maneno yale niliyasikia, na hayakuwa mazuri. Lakini mimi nina yangu mazito kuliko yako. Matofali ya nyumba ile ya Ukonga yalitoka kwenye mshahara wangu, na mama yetu alipougua nilimuuguza miezi mingi bila dada yangu kuvuka maji kuja kumwona. Hata hivyo kila nilipotumwa Dar nililala kwake, nikala alichopika. Mkataa pema, pabaya panamwita. Kutoka mlangoni kwake hadi uwanjani ni mwendo mfupi wa bajaji. Ni afadhali ukeshe unasikiliza masimango ya mama mkubwa kuliko ukeshe kwenye benchi Mwanza ndege yako ya pili ikiruka.

Mengine ni mafupi. Pasi, viza, barua ya chuo na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zikae kwenye begi la mkononi, zisiende kwenye mizigo. Hakikisha namba ya simu iliyo kwenye tiketi ni yako. Wakala akiweka yake, meseji ya kubadilishwa saa inaenda kwake naye analala. Soma kilo za kampuni ya bei nafuu, kwa sababu zile za Istanbul si zao, na kilo inayozidi wanaiuza ghali. Wakichelewa, omba karatasi yenye sababu na saa, na uiombe kwa upole. Usibebe mzigo wa mtu, hata akiwa ni wa parokiani. Dagaa wafungwe vizuri.

Lakini hayo yote ni bure kama tiketi itabaki ilivyo. Nimempa kaka yako fedha za tofauti ya nauli, za mavuno ya mihogo, kwa hiyo usiseme huna. Piga simu kampuni kabla ya Ijumaa, maana kiti cha bei ndogo huisha na ada ya kubadili haipungui kwa kungoja. Chukua ndege ya asubuhi, siku moja kabla. Asubuhi nasisitiza, siyo jioni ya siku moja kabla, kwa sababu najua utajaribu kupatana nami.

Ukishabadilisha nitumie tarehe na saa, nami nitampigia simu dada yangu mimi mwenyewe, nimwambie unafika na akuandalie chumba. Hatujazungumza tangu ile send-ofu, na ni mimi niliyeacha kupokea simu zake. Nitaanza mimi.

Mungu akutangulie.

Mjomba wako