Leo Kumefuliwa

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa anasafisha kompyuta za tawi, akakuta kwenye diski C folda iliyojaa ikoni za programu tusizozitumia tena. "Mzee, huu uchafu niufute?" Futa, nikamwambia. Alipouliza ulikuwa wa kazi gani, nilianza kumweleza, naye akachomoa simu.

Mtwara, katikati ya miaka ya 2000. Tawi letu liliunganishwa na makao makuu Dar es Salaam kwa dishi lililosimama uani, jirani na mkorosho. Programu zote, za mishahara, za stoo, za barua, zilikaa kwenye seva ya Dar. Kwetu palikuwa na njia za mkato tu. Satelaiti ya namna ile hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo swali kwenda na jibu kurudi lilikula nusu sekunde au zaidi. Ukisikia ni kidogo. Ila Windows, ili ichore ikoni moja, ilibidi ifungue faili la programu kule kule kwenye seva, na kufungua huko ni mlolongo wa maswali na majibu. Zidisha kwa ikoni zilizojaa kioo, na ofisi nzima imewasha kompyuta kwa pamoja asubuhi. Jibu lisipofika, kinawekwa kijisanduku cheupe.

"Mwanangu, leo tena kumefuliwa," katibu muhtasi alikuwa akiniita. Sote tulimwita Mama, hata meneja. Chumba chake kilinukia nta ya sakafu na korosho za kukaanga, ambazo alizificha kwenye droo ya majalada akidhani hatujui. Weupe haukumtisha. Alibandika vipande vya karatasi ukingoni mwa kioo, enzi zile za monita zenye kisogo kinene: mishahara, stoo, barua, kila kipande mkabala na kijisanduku chake. Siku bwana mmoja kutoka Dar alipomsaidia kwa kuzipanga ikoni kialfabeti, Mama alifungua stoo akitafuta mishahara. Hakumsemesha yule bwana hadi jioni, na korosho hakumpa.

Dar kwenyewe ushauri ulikuwa mmoja kwenye simu: bonyeza F5. Ukishindikana, futa IconCache.db, washa upya. Kulifuta faili hilo kunafaa pale lilipoharibika. Kwetu lilikuwa zima, na ndilo lililotunza zile picha chache zilizowahi kufika. Ukilifuta, nazo zinaanza kuombwa upya Dar. Dawa ilikuwa kuzinakili ikoni kwenye diski C, kisha uingie kwenye sifa za kila njia ya mkato uielekeze picha huku nyumbani, programu ibaki kwao. Kilobaiti chache. Baada ya hapo Mama alibandua karatasi zake, isipokuwa ya mishahara. Hiyo, alisema, haitegemei dishi.

Nimeangalia tarehe: mkongo wa Seacom ulianza kazi Dar Julai 2009. Mtwara tuliendelea kulitazama dishi. Mwaka uliofuata ikagundulika kwamba kirusi cha Stuxnet kinapenyea kwenye njia za mkato, na kabla ya kiraka kutoka mwezi Agosti, Microsoft wenyewe walishauri watu wazime ikoni. Dunia ikafua kwa hiari.

Mengine yalikwenda mbio. Nyaya zikafika, dishi likauzwa chuma chakavu, Mama akastaafu, programu zikahamia kwenye kivinjari. Siku hizi tatizo lolote, hata la printa kukosa karatasi, vijana dawa yao ni moja: "Tupige window." Kuuliza picha inatoka wapi na inapita njia gani, hakuna mwenye muda.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, nilipita mezani kwao. Ikoni zote ziling'aa kwa rangi zake, safi kabisa. Hakuna hata moja iliyofunguka.