Sabuni ya Shaaban: Safari ya Jambiani

Atokaye mjini Unguja kwenda Jambiani hupita kwanza Tunguu, kisha msitu wa Jozani, ambamo kima punju hukaa matawini kando ya barabara wakiwatazama wapita njia kama wazee wa barazani. Baadaye hufika njia panda ya Kitogani. Aendaye Makunduchi hushika mkono wa kulia, na aendaye Paje hushika wa kushoto. Toka hapo udongo huwa haba. Nchi yote ni maweni, na mihogo hupandwa katika vishimo baina ya jiwe na jiwe, penye konzi mbili tatu za mchanga. Ukifika Paje ukaelekea kusini, bahari huwa kushotoni mwako mpaka mwisho wa safari, na maji yakitoka huenda mbali kabisa, hata mwamba ukaonekana kama mstari mweupe tu wa mawimbi.

Safari hii naifanya kila mwaka katika mwezi wa Shaaban, tangu utoto wangu, na sababu yake ni sabuni. Huenda msomaji akastaajabu mtu kufunga safari kwa ajili ya kitu kinachouzwa kila duka. Lakini nyumbani kwa shangazi yangu sabuni si kitu cha dukani. Ni kazi ya nyumba nzima, ifanywayo mara moja kwa mwaka, na yenye tarehe yake kama ilivyo na tarehe yake swala ya Idi.

Tarehe hiyo ni kumi la kwanza la Shaaban, na hesabu yake ni hii. Sabuni inayopikwa bila ya moto, kwa mafuta na soda kali tu, haifai kutumiwa siku ile. Ingali na ukali wa kuchoma ngozi, na ina maji mengi ndani yake. Yataka ikae mahali penye hewa wiki nne, na bora sita, ndipo ipoe na kukauka. Basi inayomwaga tarehe kumi ya Shaaban hupita siku zilizosalia za mwezi huo, ikapita Ramadhani nzima juu ya uchaga, na usiku wa kuandama mwezi wa Shawwal huwa tayari. Watu wanafunga, nayo inaiva. Asubuhi ya Idi nyumba yote huoga josho la Idi kwa sabuni hiyo, na kabla ya hapo, usiku, vipande huwa vimekwisha pelekwa kwa jamaa na majirani kuwa mkono wa Idi.

Kazi huanza kwa nazi. Kwa hesabu ya shangazi, nazi kumi na mbili hutoa lita moja ya mafuta, na yeye hutaka kilo sita, kwa hivyo nazi zinazovunjwa hukaribia themanini. Siku mbili nzima sauti ya mbuzi haikomi uani. Watoto hukuna kwa zamu, wakubwa hukamua tui, na tui hutiwa katika masufuria makubwa likachemshwa polepole, mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu, masafi kama kioo. Makapi yanayobaki chini, yenye rangi ya hudhurungi, huliwa na watoto kwa sukari, na nadhani ndiyo ujira wao. Chicha ni haki ya kuku.

Siku ya tatu ni siku ya soda, na watoto hufukuzwa uani. Mama wa nyumba atakaye kujaribu na azingatie hapa. Kwa kilo sita za mafuta ya nazi shangazi hupima kilo moja ya soda kali na lita mbili na nusu za maji, kwa mizani, wala si kwa kikombe. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji hayatiwi juu ya soda hata mara moja, kwani huruka na kuchoma macho. Mchanganyiko huo hupata joto wenyewe pasipo moto, na moshi wake haufai kuvutwa. Chombo kiwe ndoo ngumu ya plastiki, kamwe kisiwe sufuria. Hili nalijifunza mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, nilipochukua sufuria jipya la shangazi kwa kutaka kumsaidia. Soda hula alumini. Sufuria lilitoa povu na mvuke, na lilipomwagwa likawa na vijishimo kama uso wa mwenye ndui. Hakunipiga. Alilitundika ukutani, na lingali pale mpaka leo.

Vyote viwili vikisha poa hata viwe vuguvugu, maji ya soda hutiwa katika mafuta na kukorogwa kwa mwiko wa mbao, upande mmoja, bila ya kupumzika, mpaka uji uwe mzito kiasi cha mwiko kuacha alama ukipita. Hapo hutiwa unga wa mwani, uliokaushwa juani, ukatwangwa na kuchekechwa. Mwisho kabisa hutiwa mafuta ya makonyo yatokayo Pemba, na hapo lazima mikono iwe myepesi, kwa sababu mafuta ya karafuu huigandisha sabuni ghafula, na mwenye kuzubaa huikuta imeshika ndoo. Humwagwa katika sanduku la mbao baada ya swala ya Adhuhuri na kukatwa siku ile ile kabla ya jua kuzama. Sabuni ya nazi ikilala huwa ngumu kama chokaa, na kisu kikiingia huivunja.

Mwani si wa asili katika mapishi haya. Kilimo chake kibiashara kilianza upande huu wa mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani, na toka mwanzo wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake. Wakati wa bamvua utawaona wametoka na maji, wameinama juu ya kamba zilizofungwa baina ya vijiti, maji yakiwafika magotini. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, muda ule ule wa sabuni kuiva. Aina yenye bei nzuri, iitwayo cottonii, imekuwa ikifa kwa maradhi na kwa joto la bahari lililozidi, na iliyobaki haina bei ya maana. Kwa ajili hiyo wataalamu, miongoni mwao Dkt. Flower Msuya, wakashauri akina mama wasiuze mwani mkavu tu bali watengeneze vitu kwa mwani, na sabuni ikawa ya mbele. Shangazi alijifunza kutia mwani hapo. Kabla yake ilikuwa nazi tupu.

Msomaji wa mjini huenda akauliza: kwani sabuni ya duka ina nini? Jawabu la kwanza ni maji. Visima vingi vya upande huu vina chumvi, na sabuni nyingi zikikutana na maji ya chumvi hukataa kutoa povu na kuacha utando mweupe mwilini. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Jawabu la pili ni la dini. Sabuni huweza kufanywa kwa shahamu ya mnyama, na mnunuzi hajui ni mnyama gani wala amechinjwa vipi. Wanazuoni wa Kihanafi husema kwamba najisi ikigeuka ikawa kitu kingine hutahirika, bali katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, mlango huo ni mwembamba zaidi. Mwenye kutaka ufafanuzi amwendee sheikh wake. Shangazi hujibu kwa ufupi kwamba nazi haina shaka.

Wala si sisi pekee katika umma huu wenye sabuni ya nyumbani. Katika mji wa Nablus, Falastini, watu hufanya sabuni kwa mafuta ya zeituni, maji na soda baada ya mavuno ya zeituni, majumbani na katika viwanda vya kale, na wengi huitoa zawadi. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nilipoisoma khabari hiyo nalikumbuka mwaka wetu mmoja, ndio uliosababisha niandike haya.

Mwaka huo ulikuwa 1445, na Idi ya mfungo mosi iliangukia tarehe 10 Aprili 2024. Sabuni ilikatwa vizuri, vipande themanini na vitatu, ikapandishwa uchagani. Katika kumi la kati la Ramadhani alikuja mwenye duka moja la wageni kutoka pwani ya hoteli. Alikwisha kuiona sabuni hiyo kwa jirani, akaisifu harufu yake, akataka vyote. Bei aliyotaja kwa kipande kimoja ilikuwa zaidi ya tuliyowahi kusikia. Nami nalikuwapo, nimekwenda kufuturu huko.

Shangazi hakumjibu siku ile. Baada ya Tarawehe alipanda kitandani bila ya kusema neno, na nilidhani amekataa. Asubuhi alihesabu vipande sitini, akavifunga katika makaratasi.

Nikamwuliza, "Shangazi, na mkono wa Idi je?"

Akasema, "Mwanangu, mkono wa Idi utakwenda. Lakini masika ndiyo haya, na wajukuu wangu hawawezi kulala chini ya mkono wa Idi."

Kweli chumba cha wajukuu kilikuwa kinavuja. Fedha za vipande sitini zilinunua mabati kumi na misumari yake, na fundi alimaliza kuezeka siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Hata hivyo nalirudi mjini nina kinyongo moyoni. Nilijiambia kwamba desturi ya bibi yetu imeuzwa kwa watu watakaoitia katika mkoba na kuisahau. Kinyongo hicho nalikaa nacho siku nyingi, na sasa naona nalikosea. Shangazi mwenyewe alikuwa amenisimulia jinsi desturi hii ilivyoshika mizizi: ni katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wakati vitu vilipokuwa adimu madukani na kipande cha sabuni kikitafutwa kwa foleni. Bibi alipika sabuni kwa sababu hapakuwa na sabuni, na akawagawia jamaa kwa sababu nao hawakuwa nayo. Dhiki ndiyo iliyoileta. Sisi tuliokuja baadaye, matumbo yameshiba, ndio tulioiita mila.

Basi vilibaki vipande ishirini na vitatu, na nyumba za kupelekewa zilikuwa thelathini na nane. Ikabidi vingi vikatwe nusu. Nimekwisha kusema tabia ya sabuni hii ikikauka. Shangazi alikipasha kisu moto, na hata hivyo kingo zilimeguka, na nusu nyingine zikatoka na pembe moja tu. Vilifungwa hivyo hivyo, pamoja na visheti vichache, na usiku wa Idi watoto wakavipeleka. Wa mbali, Bwejuu, kipande chake kilikwenda kwa baiskeli.

Huyo wa Bwejuu ni wifi yake shangazi, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye umri na mwenye neno. Asubuhi ya Idi, watu wametoka msikitini na watoto wanazunguka kudai sikukuu zao, baiskeli ilirudi. Visheti vilikuwa vimepokewa. Nusu ya sabuni ilikuwa imerudishwa ndani ya karatasi ile ile, pamoja na ujumbe wa mdomo: "Mwambieni wifi, ikiwa mkono wake umekatika, mimi naungoja upone."

Nyumba ilinyamaza. Mkwe mmoja akasema na iachwe, ni maneno ya wazee. Shangazi alikichukua kile kipande, akakinusa, akakifunga katika pindo la kanga yake, na siku ile yote hakukitaja.

Siku ya tatu ya Idi aliniambia nimpeleke Bwejuu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na barabara ilikuwa na madimbwi. Tulipiga hodi, tukakaribishwa ndani. Wifi yake alikuwa ameketi juu ya mkeka, akajibu salamu kama ipasavyo, akaulizia wajukuu, akaulizia paa. Shangazi akasema halivuji, alhamdulillahi. Wakanyamaza kidogo. Kikaletwa chakula, mkate wa kumimina na chai ya maziwa, na mtoto akaja na birika na beseni ili tunawe.

Shangazi alimwambia mtoto aliweke birika chini. Akafungua pindo la kanga, akatoa kile kipande chenye pembe moja, akanyosha mikono juu ya beseni.

"Nimiminie, wifi."

Yule mama alimtazama. Kisha akajiinua taratibu kwa kushika ukuta, akalitwaa birika, akammiminia. Maji ya Bwejuu ni ya chumvi kama ya Jambiani, na povu lilitoka jingi, na harufu ya karafuu ikaenea chumba kizima. Shangazi alipomaliza, mwenyewe akalishika birika, na wifi yake akanawa kwa sabuni ile ile, mbele na nyuma ya mikono, polepole, mpaka kwenye viwiko.

Tulikula, wakazungumza khabari za mwani na za marehemu. Tulipoondoka baada ya swala ya Alasiri nalikiona kile kipande juu ya kizingiti cha dirisha lake, kimewekwa ndani ya kisahani, kingali kimelowa.