Likasi, Wakati wa Majani Mekundu

Wasomaji wetu waliosoma vitabu vya Ulaya wamekwisha kutana na majira yale ambayo watu wa huko huyapenda sana, kati ya Septemba na Novemba, wakati joto limekwisha na baridi kali haijaingia. Majani ya miti hugeuka kuwa ya manjano, kisha mekundu, kisha huanguka. Siku hizo watu hutoka mijini pamoja na watoto na wazee wao wakatembea msituni na kuokota uyoga, maana wajua kwamba baada ya majuma machache baridi itawafungia ndani. Mwalimu akiyaeleza hayo darasani, wanafunzi wa kwetu hudhani ni mambo yasiyowahusu kamwe. Sisi twawaambia: nendeni Likasi mwezi wa Septemba.

Likasi ni mji wa shaba katika jimbo la Haut-Katanga, kiasi cha kilometa 120 kutoka Lubumbashi, kwenye njia iendayo Kolwezi. Hata mwaka 1966 uliitwa Jadotville. Mahali pake pameinuka, kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ambayo mgeni atokaye pwani haitazamii. Mvua hukoma Aprili. Nyasi hukauka, moto hupita porini, vumbi jekundu hutua juu ya mapaa na juu ya nguo zilizoanikwa. Kisha upepo wa Agosti hukung’uta miti ya miombo mpaka matawi yabaki matupu.

Hapo ndipo lije jambo ambalo twastahili kulitazama kwa makini. Tone la mvua halijaanguka bado, ardhi ni kavu kama kigae, walakini miti huanza kuvaa upya, na majani yale mapya si ya kijani. Ni mekundu, mengine ya rangi ya divai, mengine ya rangi ya shaba hasa, hata ungedhani mawe ya chini yamepanda ndani ya mti. Siku chache baadaye hugeuka kijani, na mvua za kwanza huyakuta yakiwa yamekwisha kukomaa. Huko Ulaya wekundu wa jani ni uzee wake. Huku Katanga ni utoto wake. Huwezi kuahirisha kutazama, kwa sababu majuma mawili matatu tu, na yote yamepita.

Basi jamaa za Likasi hutoka. Wengine hawaendi mbali, hutembea tu chini ya miti ya barabarani, au hupanda vilima vya karibu. Wengine hushika njia ya Lubumbashi mpaka Kapolowe, penye samaki wengi wa kuuzwa kandokando ya barabara, kisha huingia njia ya vumbi kuelekea misheni na ziwa. (Si mbali na Likasi kuna pia Shinkolobwe, ulikotoka urani wa bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Huko hakuna mzazi apelekaye watoto kutembea, wala hatumshauri mtu.)

Ziwa hilo ni Tshangalele. Halikuwako zamani. Lilitokea mto Lufira ulipozuiwa kwa boma huko Mwadingusha, juu ya maporomoko yaliyoitwa kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe wa Ubelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892. Kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, na umeme wake ulikwenda Shituru, kiwanda cha Likasi ambapo shaba husafishwa. Kituo hicho kingali kinafanya kazi: mitambo yake sita imetengenezwa upya, na tangu mwaka 2021 yaweza kutoa megawati 78. Mara nyingi tumefikiri juu ya jambo hili. Maji yaleyale yaliyozungusha mitambo ya kiwanda, na kiwanda kikamwita baba kazini mchana na usiku kwa zamu, ndiyo yaliyompa mahali pa kuketi na watoto wake siku ya mapumziko.

Maana kukaa pamoja hakukuwa jambo rahisi katika mji huu. Wachimbaji wa kwanza waliletwa kutoka mbali, kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kutoka Rwanda na Burundi, nao walikaa kwa mikataba ya muda mfupi bila wake zao. Ni mwisho wa miaka ya 1920 tu kampuni ya Union Minière ilipoanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Watoto wakazaliwa hapo, wakasema Kiswahili, wakajiita watu wa Likasi. Hata hivyo mwaka 1992, tena katika majira hayohayo ya Agosti na Septemba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kituoni wakingoja gari la moshi, kwa miezi mingi, na wengi walikufa hapo au njiani, hasa watoto. Mtu akijua habari hiyo, hataona kuwa ni anasa tupu watu wanapotandika mkeka chini ya mti wakala bukari na samaki kwa sahani moja, bibi akiwa katikati.

Karibu na ziwa tulikuta jamaa ya namna hiyo. Mzee aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi aliketi akiwa amevaa koti lake, na wajukuu walimzunguka wakimwita nkambo, maana babu huku Katanga huitwa hivyo. Mama mmoja alituambia kwamba mwaka uliopita mzee aliweza kufika majini kwa miguu yake. Safari hii walimbeba kwa baiskeli kutoka barabarani, vijana wawili wakimshika huku na huku.

“Nkambo, tungekuacha nyumbani ungekasirika?” mmoja alimwuliza kwa utani.

“Ningewafuata,” akajibu, na wote wakacheka.

Kisha akawaonyesha mnana, ndege afumaye kiota chake juu ya matete. Katika ziwa hilo yuko mnana mmoja ambaye wataalamu hawajamwona nje ya Katanga. Walimpata mara ya kwanza mwaka 1960, wakampoteza karibu miaka hamsini, wakamwona tena mwaka 2009. Watoto hawakujali sana habari za wataalamu. Walitaka kujua tu kama mume ndiye afumaye nyumba, na walipoambiwa ndiye, wasichana walifurahi mno.

Tuseme pia lenye kutusikitisha. Kila mwaka msitu wasogea mbali zaidi na mji, kwa sababu ya makaa, ambayo watu wa huko huyaita makala. Hatumlaumu mama anayepika. Umeme haumfikii kila siku, ijapokuwa waya zapita juu ya paa lake. Lakini mahali ambapo mzee huyu, akiwa kijana, alipaona pamefunikwa na wekundu, sasa pana visiki na mashamba ya mihogo, na lazima watoto waende mwendo mrefu ili waone jani moja la rangi ya shaba.

Jioni baridi ikaanza. Samaki walifungwa katika majani, mkeka ukakunjwa, mzee akapandishwa tena juu ya baiskeli. Mjukuu mmoja alikuwa amepanga majani matatu katika daftari lake la shule, moja jekundu, moja la rangi ya shaba, moja la kijani. Alimwuliza babu yake lipi ndilo dogo. Mzee alitazama, akaweka kidole juu ya lile jekundu. La kijani, akamweleza, ndilo mkubwa wao.