Magari ya Vizazi Viwili katika Karakana ya Makutano

Maisha ya kazi yanayosimuliwa hapa yalipita kwa sehemu kubwa katika karakana ya wazi pale Makutano, mjini Meru, ambako gari la kila siku halipimwi kwa mng'aro wake bali kwa jinsi linavyopanda kwenda Timau, linavyovuka mabonde ya mito kuelekea Chuka, na linavyostahimili mizigo ya shambani. Mwandishi wa tawasifu hii, aliyeshika spana kabla hajafungua kitabu chochote cha ufundi, anashikilia kwamba hukumu yoyote juu ya gari la zamani au la kisasa ni pungufu ikiwa haijataja barabara ambayo gari hilo hupita.

Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa Peugeot. Modeli ya 404 ilishinda mbio za Safari Rally katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na mrithi wake, 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na baadaye kuunganishwa Mombasa, ikawa gari la mwalimu, la daktari na la abiria wa safari ndefu. Sifa yake kubwa machoni pa fundi ilikuwa ndani ya injini: silinda zake zilikuwa slivu, yaani mirija ya chuma inayochomekwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji ya kupozea, hivi kwamba zilipolika ziling'olewa na kuwekwa mpya pamoja na pistoni zake, bila bloku kupelekwa kuchongwa kwa mashine. Injini iliweza kufufuliwa chini ya mti, na mwandishi haoni kwamba kuna ubora unaozidi huo kwa gari la mtu wa kipato cha kawaida.

Hata hivyo, wapenzi wa magari ya zamani husahau upesi habari ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye silinda. Barabara ya Timau hupita zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi ilhali kabureta huendelea kumimina petroli karibu kama ilivyopangiwa bondeni, mchanganyiko huzidi mafuta, moshi mweusi hutoka, nguvu hupungua, na asubuhi ya baridi injini hukataa kuwaka. Gari la kisasa hupima hewa kwa sensa, kisha kompyuta yake ikapunguza petroli yenyewe. Katika jambo hili mwandishi anakiri bila kusita kwamba gari jipya ni bora.

Lawama ya mwandishi iko mahali pengine. Kanuni ya Kenya inayoruhusu kuingiza gari lililotumika mradi halijazidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza imejaza Makutano magari ya mtumba kutoka Japani, ambayo vitabu vyake ni vya Kijapani na redio zake nyingi hazifiki stesheni zilizo juu ya masafa ya megahezi 90. Hayo ni madogo. Kubwa ni giaboksi za mkanda, zinazobadili mwendo bila gia za ngazi, ambazo huharibika zikitiwa mafuta yasiyo yake, na dereva wa otomatiki anayeteremka kuelekea daraja la Nithi, ambako roho nyingi zimepotea, akiwa amekanyaga breki mfululizo hadi zipate moto na kupoteza nguvu, ilhali angeweza kuteua gia ya chini ili injini izuie gari.

Kwa maoni ya mwandishi, mrithi halisi wa 504 ni Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 na ambayo wengi huidharau kwa sura yake ya sanduku. Iliundwa kama gari dogo la kazi, lenye kibali cha kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, nayo hubeba miraa ya Nyambene, zao lisilosubiri kwa kuwa majani yake hunyauka, usiku kucha kuelekea Nairobi, mara nyingi ikiwa imezidishiwa mzigo na mwendo kuliko inavyostahili. Vipuri vyake hupatikana kila mji, na fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta huimaliza kazi yake mchana mmoja. Mteja mwenye fedha za Probox anayetamani gari refu la kifahari lililochoka bado hupewa pale karakanani ushauri uleule: achukue Probox, ya gia za mkono ikipatikana.