Kuteleza si Kuanguka

Lugha hukua kwa kutumwa. Mtoto asiyetumwa dukani hajui bei ya chumvi, na lugha isiyotumwa mbali hubaki ikizunguka uani. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda twalijua jambo hili kwa uchungu kuliko wenzetu wa mwambao. Kwa miaka mingi Kiswahili kwetu kilisikika zaidi kambini na kwenye vituo vya polisi, kikahesabiwa kuwa lugha ya amri na ya kutishia raia. Hata baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, wako wazazi wengi ambao bado huwauliza binti zao watakipeleka wapi.

Katika darasa letu la wasichana wa sekondari swali hilo lilikuja kwa sura nyingine. Msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya joto. Kina maneno ya minazi na majahazi. Mtu akitaka kusimulia habari za nchi ya baridi, hana budi kuazima Kiingereza." Wenzake wakamwunga mkono. Tulimjibu kwanza kwa njia ya vitabu: kwamba neno barafu lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, na theluji lenyewe lina asili ya Kiarabu; kwamba barafu iko papa hapa kwetu, juu ya vilele vya Rwenzori, ingawa yazidi kupungua; na kwamba hata Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli mwaka 2005, na vijana wa Kenya wakajifunzia humo. Walitusikiliza kwa adabu, wala hawakusadiki. Jina la kitu peke yake halimtoshi msimulizi. Ndipo tukaazimia kukituma Kiswahili penye baridi kweli kweli, tuone kama kitarudi na mzigo.

Tulichagua msimu mmoja wa timu moja: timu ya wanawake ya mpira wa magongo wa barafuni ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, msimu wa 2024–25. Chuo hicho kiko mjini Madison, kati ya maziwa ambayo wakati wa baridi huganda, watu wakatembea juu yake kwa miguu. Tena ni miongoni mwa vyuo vya Marekani vinavyofundisha Kiswahili. Kwa hiyo tuliona ni haki, wao wakijifunza lugha yetu, nasi tujifunze mchezo wao. Kwa muda wa muhula mmoja tulikusanya habari za msimu huo, tukatazama picha zake, na kila juma kundi moja la wanafunzi likapewa sehemu ya kusimulia mbele ya wenzao. Sharti lilikuwa moja: msimulizi akikwama, asikimbilie Kiingereza, aseme kitu hicho ni nini na chafanya nini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuueleza mchezo wenyewe. Mpira wa magongo wa majani wasichana wetu waliujua, maana huchezwa hapa nchini. Huu wa barafuni huchezwa na watu 6 kila upande pamoja na mlinda lango, katika vipindi 3 vya dakika 20, juu ya barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi. Hakuna mpira wa duara. Kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita 2.5, uzito wake gramu 170 hivi, nacho hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Wachezaji huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma chini, mfano wa kisu. Kwa wanawake hairuhusiwi kumvamia mwenzio kwa mwili ili kumwangusha, kama wafanyavyo wanaume. Kuotea tulikuta kumekwisha kupata jina katika kandanda, tukalitumia lile lile. Lakini kuna kosa la kukipiga kisahani kutoka nusu yako ya uwanja hadi kuvuka mstari wa goli la wapinzani bila ya mtu kukigusa. Hilo hatukulipatia neno moja. Tukalisema kwa sentensi nzima, na sentensi ikatosha.

Kisha tukafika kwenye mwendo. Mchezaji wa barafuni hakimbii, wala hatembei, huteleza. Katika maisha yetu ya kila siku kuteleza ni ajali: mtu hutelezea matope ya masika, akachafua sare yake, wenzake wakacheka. Huko kuteleza ndiko kwenda, na asiyejua kuteleza ndiye aangukaye. Binti mmoja aliyekuwa akisimulia alisita hapo, akafikiri, kisha akaenda ubaoni akaandika: kuteleza si kuanguka. Methali hiyo tulikuwa tumeifundisha mara nyingi kwa maana yake ya kumliwaza aliyekosea. Siku hiyo ilisimama kwa maana yake ya maneno yenyewe, neno kwa neno, na darasa zima likaielewa upya.

Jambo la pili lililotushangaza ni zamu. Katika mchezo huu hakuna awezaye kuteleza kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu. Baada ya dakika moja hivi, au chini yake, wachezaji hurudi kwenye benchi na wengine huruka ukuta kuingia, bila mchezo kusimamishwa. Kiingereza kina neno lake, na wanafunzi walikuwa karibu kuliazima, lakini mmoja akauliza, "Je, hiyo si zamu?" Ndiyo hasa. Neno ambalo mabaharia walilitumia kwa saa za kukesha chomboni, na ambalo shuleni twalisikia kila asubuhi tukitaja mwalimu wa zamu, lilitoshea pale barafuni bila ya kupunguzwa wala kuongezwa. Na lilileta pamoja nalo maadili yake: aliye zamuni hufanya kazi kwa niaba ya waliopumzika, na aliyepumzika hana haki ya kusinzia.

Kwa jicho hilo la zamu msimu wote ulisomeka vizuri. Timu ya Wisconsin, inayofundishwa na Mark Johnson, ilicheza michezo 41. Ilishinda 38, ikatoka sare 2, ikashindwa mmoja tu. Casey O'Brien alifunga mabao 26, lakini pasi zake zilizozaa mabao ya wenzake zilikuwa 62, naye akapewa tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hupewa mchezaji bora wa mwaka katika vyuo vya Marekani. Waliobaki naye katika watatu wa mwisho wa kuwania tuzo hiyo walikuwa wa timu yake mwenyewe: Caroline Harvey, mlinzi, na Laila Edwards, aliyeongoza nchi nzima kwa mabao 35. Huyu Edwards ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani, mwaka 2023. Wasichana wetu walipoiona picha yake darasa lilinyamaza kidogo. Hatukuwahutubia juu ya jambo hilo, lilijieleza.

Twapaswa pia kuwakumbusha wasomaji kwamba njia ya wanawake hao haikuwa tayari tangu awali. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayosaidiwa na serikali ilipitishwa mwaka 1972, na mashindano ya kitaifa ya vyuo kwa wanawake katika mchezo huu, chini ya chama cha NCAA, yalianza mwaka 2001 tu. Uwanja wa LaBahn, ambao ni maskani ya timu hiyo ya wanawake, ulifunguliwa mwaka 2012. Kila zamu ilikuwa na waliotangulia.

Sasa tuje kwenye fainali. Wapinzani walikuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na baina ya timu hizi mbili palikuwa na deni la zamani. Mwaka 2023 zilikutana katika fainali, Wisconsin ikashinda 1 kwa 0, na bao hilo alilifunga Kirsten Simms. Mwaka 2024 zikakutana tena, na Ohio ikashinda kwa hesabu ile ile, 1 kwa 0. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Timu ya Wisconsin ilikubali, ikarudi mazoezini. Tarehe 23 Machi 2025, mjini Minneapolis, zilikutana mara ya tatu mfululizo.

Sehemu hiyo ilimwangukia binti mpole ambaye muhula mzima alikuwa amesema maneno ya kuhesabika. Alieleza kwamba Ohio ilikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 2 na saa ilikuwa ikielekea mwisho. Katika msongamano mbele ya goli mchezaji mmoja wa Ohio alikifunika kisahani kwa mkono, jambo ambalo mlinda lango peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulifanya mahali pale. Waamuzi wakatazama tena picha za tukio, wakaamuru penalti. Zilikuwa zimebaki sekunde 18.9. Barafu yote ikaachwa kwa watu wawili, mlinda lango na mpigaji, na mpigaji aliyechaguliwa alikuwa Simms, yule yule wa mwaka 2023. Hapo binti yetu akaingia katika masimulizi kwa ile "-ka-" ambayo twaifundisha kwa majedwali na mazoezi yasiyo na ladha: akakichukua kisahani katikati ya uwanja, akateleza, akakaribia, akapiga, akafunga. Mabao yakawa 3 kwa 3. Muda wa nyongeza ukaanza, na dakika 3 hazijatimia Simms akafunga tena. Wisconsin wakawa mabingwa kwa mara ya 8.

Ubishi uliozuka baadaye ulitupendeza kuliko masimulizi. Wengine walisema ushindi ule ulikuwa wa mtu mmoja. Wengine wakajibu kwamba penalti isingalipatikana kama wenzake wasingalisongamana mbele ya goli, na kwamba mtu huachiwa barafu peke yake kwa sekunde chache tu, baada ya wengine kuibeba siku nzima. Walibishana kwa Kiswahili, kwa hasira na kwa cheko, hata kengele ikalia wasiisikie. Sisi tulikaa nyuma ya darasa bila kusahihisha ngeli hata moja.

Siku ya wazazi tuliwaomba wausimulie msimu huo ukumbini. Miongoni mwa wageni alikuwapo mzazi aliyekwisha kutujia mara mbili akitaka binti yake aachishwe somo letu, kwa kuwa yeye Kiswahili alikisikia mara ya kwanza katika kizuizi cha barabarani, mtutu ukiwa umemwelekea. Hatukuwa na hoja ya kuyafuta aliyoyaona, wala hatukujaribu. Binti aliposimulia penalti, akanyamaza kidogo kama msimulizi mwenye kujua kazi yake, mzazi huyo aliuliza kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha zamani, "Ikaingia?" Ukumbi ukacheka, naye akacheka. Hakutuambia neno zaidi. Muhula uliofuata binti yake alikuwa bado katika daftari letu la mahudhurio.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya walimu wenzetu walio katika nchi ambazo Kiswahili bado kinaombwa vyeti vya tabia njema. Twadhani haitoshi kukitetea kwa kutaja idadi ya wasemaji wake na vikao vinavyokitumia. Wanafunzi wapewe habari zilizo mbali nao, zenye sheria zake na vyombo vyake, wazisimulie mpaka mwisho, na pale neno linapokosekana waseme kwa sentensi. Watateleza sana. Mwalimu na awe na subira ya kuwaacha wateleze.