Jirani Yangu, Tabibu wa Meno

Watu wa Kihesa walimwita Daktari, naye kila mara aliwasahihisha. "Mimi ni tabibu tu," alisema, "daktari yuko Muhimbili." Kwetu sisi tofauti hiyo haikuwa na maana. Shahada ya udaktari wa meno ilianza kufundishwa hapa nchini mwaka 1979, na wahitimu wake walikuwa wachache mno kuifikia mikoa yote. Ndiyo sababu Serikali ilifundisha pia matabibu wa meno, na kimojawapo cha vyuo vyao kiko Mbeya. Huko ndiko alikosomea jirani yangu kabla ya kuletwa Iringa mwaka 1988. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, nikiwa na cheti changu cha ualimu cha Mpwapwa. Tulielewana upesi, kwa kuwa sote wawili tulizoea kusalimiwa na wenye shahada kwa ncha za vidole.

Kule hospitalini alikuwa mtu wa kung'oa. Watu wetu hawaendi kutibiwa jino mpaka shavu livimbe, wamekwisha kujaribu karafuu na tumbaku, na wamekesha siku tatu. Kwa jino la namna hiyo hakuna la kufanya ila sindano ya ganzi na koleo. Jambo hili lilimuudhi. Aliniambia siku moja kwamba amechoka kuwa kaburi la meno, na akaniomba ruhusa ya kuja shuleni kabla meno hayajaoza.

Alikuja Alhamisi moja katika kila muhula, sanduku likiwa limefungwa nyuma ya baiskeli, pamoja na jiko la mafuta ya taa na sufuria ya presha ya kuchemshia vyombo. Aliunganisha madawati mawili, akatandika mkeka, mtoto akalala chali karibu na dirisha. Hakuhitaji umeme, nao mgawo wa umeme wa miaka ile mnaukumbuka. Aliondoa uozo kwa vyombo vya mkono, taratibu, kisha akaziba tundu kwa dawa aliyoichanganya papo hapo. Nilidhani ni mbinu ya maskini, ya kubahatisha kwa kukosa mashine. La hasha. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya themanini, katika kazi ya shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, ambako alikuwapo Mholanzi Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani lilipoifanya afya ya kinywa kuwa mada ya Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, liliipigia mbiu njia hiyo, na leo inatumika katika nchi nyingi. Dawa ilipokosekana, na ilikosekana mara nyingi, alifundisha kupiga mswaki na kuwagombeza wauza pipi waliopanga meza zao langoni mwa shule.

Sitaki kumfanya malaika. Wakati wa mvua alipenda ulanzi kuliko ilivyofaa. Tena mwaka 1991, Serikali iliporuhusu upya tiba ya watu binafsi, iliyopigwa marufuku mwaka 1977, naye alitamani kwenda Dar es Salaam kama wenzake. Mkewe ndiye aliyekataa; alikuwa amekwisha kupanda miparachichi. Lakini mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali, ni mlango wake uliogongwa usiku, na zaidi ya mara moja nilimwona asubuhi akiongozana na mgonjwa aliyemlipia yeye mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike.

Mwaka 1984 binti yangu wa kwanza alipokuwa na miezi sita alishikwa na homa na kuhara. Mama yangu mzazi alimfungua kinywa, akaonyesha uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Akasema ni meno ya nailoni. Wenye umri wangu wanaijua hofu hiyo. Wengine waliyaita meno ya plastiki, na wenzetu wa Uganda wana ebinyo yao. Ilisemekana yasipotolewa mtoto atakufa. Akaitwa fundi mmoja mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mke wangu alinitazama. Mimi, mwalimu niliyefundisha somo la sayansi, nilichukua madaftari ya wanafunzi nikaenda kusahihisha chini ya mti. Kilio kilinifikia huko huko.

Mtoto alipona, na kwa hiyo bibi yake alihesabiwa kuwa na haki.

Mwaka 1995, katika ukaguzi wa darasa la nne, tabibu alimfikia binti yangu. Alimtazama kwa muda mrefu. Baadaye aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Mwalimu, huyu alitolewa nailoni?"

"Ni bibi yake," nikajibu.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa chini ya mti. Hakunisuta. Alinieleza kwamba kile cheupe ni chipukizi la jino la kawaida, ambalo kila mtoto huwa nalo. Kwamba kilichomtesa mtoto ni tumbo. Na kwamba spoku iliyochimba jino la utoto ilijeruhi na mbegu ya jino la ukubwani lililolala chini yake. Chonge mbili za chini za binti yangu zisingeota sawasawa. Watoto wengine, alisema, huingiwa na vijidudu kwenye damu na hawafiki hospitali.

Kisha akaniomba niyaseme hayo katika mkutano wa wazazi. "Mimi wakinisikia watasema ni mambo ya hospitali. Wewe umewafundisha kusoma."

Nilikataa. Nilisema mama yangu angali hai na sitamwaibisha. Ukweli ni kwamba mtu niliyemwonea aibu ni mimi mwenyewe. Mwaka uliofuata mtoto mchanga wa mtaa wetu alichimbwa ufizi, na siku ya nne tukamzika. Tabibu alikuwapo makaburini. Aliniambia tu, "Kamwene, Mwalimu," kama siku zote. Mkutano wa wazazi ulipofika nilisimama, nikasimulia habari za mti na madaftari. Nilitetemeka kuliko siku niliyofanya mtihani wa mwisho Mpwapwa. Mama mmoja alitoka nje akilia. Sikumfuata.

Tangu siku hiyo tulikwenda pamoja, Jumapili baada ya ibada, hadi vijiji vya njia ya Isimani. Yeye na picha zake za ufizi, mimi na hadithi yangu. Tulifanya hivyo mpaka baiskeli yake ilipomshinda.

Mwaka 2010 binti yangu alikuja likizo na mwanawe wa kwanza. Usiku wa pili mtoto akaanza kuhara, na ufizi ukaonekana umevimba. Mke wangu alinitazama kama alivyonitazama mwaka ule. Safari hii nilivaa koti nikaenda kugonga mlango wa jirani, mstaafu mwenzangu, mwenye kikohozi. Alikuja na tochi. Akamulika kinywa cha mtoto, akacheka kidogo, akasema, "Linaota."

Akaagiza maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na kulipokucha tuwahi zahanati. Akakaa, akimnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Binti yangu akamshukuru, mkono ukiwa mbele ya mdomo kama ilivyo desturi yake akicheka. Mzee akamwambia ashushe mkono, amwone vizuri.

Akaushusha.